Ngazi Arobaini na Tatu za Papa Cyprien

Maman Georgette, jirani yetu mwenye kuuza mandazi, anahadisia hivi: siku ile professeur alishuka mu jeep, akapanda mulima mpaka kwa papa Cyprien, akaona muguu ya muzee, akapiga magoti yote mbili mu matope, akalia. Papo hapo papa Cyprien akatupa fimbo yake juu ya mabati ya watu, akakimbia mpaka barabarani, mutaa wetu Cimpunda yote ikapiga vigelegele. Na hiyo yote, anasema, ni juu yeye Georgette alikuwa amemaliza novena, sala ya siku tisa, jana yake.

“Hii macho yangu njo iliona,” anaapa, huku anageuza mandazi mu mafuta. “Muulize Bintu, alikuwa pale.”

Bintu njo miye. Na nilikuwa pale kweli. Professeur alipiga magoti mu matope, hiyo siwezi kukatala. Lakini hakulia, na fimbo haikutupwa popote. Na kuna kipande kimoja Maman Georgette anakiruka kila mara. Ni kipande chake yeye mwenyewe, kile kilikaribia kumupotezea yaya Fabiola mwaka muzima.

Yaya Fabiola, njo kusema dada Fabiola, ni mutoto wa mama yangu mukubwa. Tunalala chumba kimoja. Miye nilisimama mu darasa ya sita ya primaire, nikaenda kujifunza couture, kushona nguo. Yeye aliendelea, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa master ya kine. Kine ni wale wasiokata mutu wala kumudunga sindano. Wanakufundisha tena kutembea, kuinua mukono, kuinama na kuinuka. Zamani nilizania ni kukanda mafuta tu, na Maman Georgette mpaka leo anazania vile.

“Miaka tano juu ya kukanda?” alimuuliza siku moja. “Mwana wani, mi nakandaka batu bure!”

“Maman, na ile mukono ya shemeji ulikandaka, ilipona?”

“Ile ilikuwa na bulozi, waliiloga.”

Yaya alicheka, lakini ile jioni aliniambia kweli yote, huku anahesabu ku vidole. Kwanza diplôme d’État, ya kumaliza sekondari. Halafu miaka tatu ya licence, yenye mifupa na mishipa yote unaijua majina. Halafu miaka mbili ya master. Mu katikati ya hiyo, stage, kujifunza kazi mu hopitali, saa kwa saa, kila saa isainiwe mu daftari ya carnet. Halafu mémoire, kitabu yenye unaandika weye mwenyewe, na kuitetea mbele ya jury, walimu wenye kuhukumu. Lakini jury hawakusikilizi kama haujapita mulango mumoja: épreuve pratique, mutihani wa vitendo. Unachukua mugonjwa mumoja, unamufuata miezi tatu, halafu wanakuja kumuangalia na macho yao.

“Wangu atapanda ngazi kumi na kuzishuka,” alisema. “Bila fimbo, bila kushika mutu. Asipofanya, nimekosa.”

“Na mugonjwa ni nani?”

Aliangalia mulango, kule kwa jirani wa juu. “Papa Cyprien.”

Nilisema moyoni: basi, kazi iko.

Papa Cyprien alichimba zahabu Kamituga miaka makumi mbili. Jiwe lilimuangukia ku muguu ya kuume. Kule kule mutu mwenye kujua kuunga mifupa alimufunga na vijiti, mufupa ukaungana. Lakini alipofika Bukavu alikuwa anashinda mu kitanda, na paja ilikuwa imekonda kama ya mutoto. Miezi munane hakutoka mu kiwanja. Bibi yake alishakufa, watoto wako Shabunda. Na ni muzee wa kiburi: ukimuletea maji anasema hana kiu, halafu ukigeuka anakunywa.

Siku ya kwanza yaya alikunja pagne, kitenge yake, akaiweka chini ya goti ya papa Cyprien. “Papa, bonyeza hii na goti. Hesabu mpaka tano. Achilia.”

“Nilivunja mawe miaka makumi mbili,” papa Cyprien akasema, “leo mutoto wa juzi ananiambia nibonyeze pagne?”

“Ibonyeze basi, kama haikushindi.”

Akaibonyeza. Jasho likatoka.

Lakini yaya alikuwa na masomo na stage, hakuweza kuwa pale kila siku. Njo sababu nilibeba mashini yangu ya kushona, nikaiweka ku baraza ya papa Cyprien, kule mwangaza ni muzuri. Nilishona, na huku ninaangalia. Miye siharakishi mutu. Akikataa kubonyeza pagne, ninaendelea na shati yangu. Kisha kidogo ninasikia mu chumba: “Moja… mbili…”

Kila siku ya posho, njo Jumamosi, yaya aliniomba nipime paja zake na metre yangu ya couture, ule utepe wa kupimia, vidole ine juu ya goti, ya kuume na ya kushoto, niandike mu kaye, daftari yangu. Hiyo kazi ninaijua. Kupima mutu unapashwa kupima mara mbili, na kumuacha apumue, juu mutu akijua anapimwa anajikaza. Posho ya kwanza: kushoto santimetre makumi ine na ine, kuume makumi tatu na munane. Ya pili vile vile. Ya tatu ikaongezeka nusu. Nilimuonyesha papa Cyprien. Alivaa miwani yake, akaangalia ile nusu muda murefu, akasema: “Mu Kamituga, nusu kama hiyo batu banapiganaka juu yake.”

Halafu yaya akasema sasa anapashwa kujifunza ngazi. Lakini kwetu ku mulima kulikuwa ngazi gani? Kulikuwa tu njia ya mutelemuko, mvua ikinyesha unashuka ukikaa ku matako.

Kesho yake asubui nilisikia kitu inagonga: ko, ko, ko. Nikatoka. Papa Cyprien alikuwa amekaa chini, ku kipande ya mbao, mbele ya mulango yake. Mu mukono alikuwa na baramini, ile chuma ndefu ya kuvunjia mawe. Alikuwa anakata mulima.

“Papa, unafanya nini?”

“Ule mutoto anataka ngazi. Ngazi zinauzwaka wapi?”

Siku hiyo alikata mbili. Kila siku alikuwa anashuka na zile amekata, anakata ingine, anapanda tena kurudi. Hakuona hiyo ni kine. Alizania anachimba tu. Wiki ya kumi alifika barabarani. Ngazi arobaini na tatu, zimenyooka, na mutaro wa maji pembeni. Watu wote wa avenue wakaanza kupitia pale, na Maman Georgette akahamisha mandazi yake pa kichwa ya ngazi, akisema pale njo alikuwa anauzia toka zamani.

Posho ya mwisho: kushoto makumi ine na ine, kuume makumi ine na tatu.

Jury walisema watakuja siku ya tatu, Jumatano, saa tisa ya muchana. Walifika saa ine ya asubui. Yaya anasema wanafanya hivyo makusudi, ili wakute mugonjwa vile anaishi. Walimupigia simu wakiwa tayari mu njia, akashuka mbio kuwangoja barabarani. Mvua ilikuwa imenyesha, na walipanda kwa ile njia ya zamani ya upande ingine, juu njo ile shoferi alikuwa anajua; yaya alipoona jeep inafika barabarani tupu, akawafuata mbio.

Na jeep ilikuwa nyeupe.

Kwetu, jeep nyeupe na mutu mwenye karatasi mu mukono, hiyo ni ONG, shirika ya musaada, na liste yake ya majina. Mwaka uliopita walipita wa namna hiyo, wakaandika majina, wenye waliandikwa wakapata mifuko ya unga na mabati. Papa Cyprien aliachwa. Maman Georgette naye. Hiyo inamuuma mpaka leo.

Basi alipoona wale watu wawili wanauliza “nyumba ya muzee mwenye kuumia muguu”, hakungoja. Aliacha mandazi mu mafuta, akaingia mbio kwa papa Cyprien anapumua kama mbuzi ya soko.

“Cyprien! Cyprien we! Batu ya ONG banakuja! Lala chini!”

“Ni ba prof ya Fabiola,” papa akasema. “Alisema batakuja leo.”

“Prof na jeep? Wapi! Prof anatembeaka na muguu kama siye. Tena Fabiola alisema saa tisa. Hii ni saa tisa? Mwaka jana walikuacha juu ulikuwa unacheka mbele yabo kama bwana arusi. Lala!”

Nikasema polepole, “Maman, ni ba prof kweli.”

“Nyamaza, weye unajua nini ya liste?”

Alivua kitambaa yake ya kichwa, ile ya maua, akamufunga nayo goti. Akatafuta fimbo ya zamani nyuma ya mulango, iliyokuwa imejaa utando wa buibui, akaipanguza na pagne. Papa Cyprien alilala. Nilimuangalia, naye akaangalia ukuta. Mutu akikosa mabati mara moja, sio rahisi kukosa tena akijua.

Wakaingia. Mbele professeur Stanislas, murefu, mwembamba, viatu vyake vyeusi vimejaa matope mpaka ku kamba. Nyuma yake madame Micheline, kine wa miaka mingi, anabeba fomu. Nyuma kabisa yaya Fabiola, mu blouse yake nyeupe. Épreuve ikianza, mwanafunzi haruhusiwi kusema neno na mugonjwa. Nilimuona anaona fimbo. Nilimuona anaona kitambaa ya maua. Uso wake ulikuwa kama wa mutu anaangalia sahani inaanguka na mikono yake yote miwili imejaa.

“Jambo papa,” professeur akasema.

“Aïe,” papa Cyprien akajibu.

“Muguu inaendelea namna gani?”

“Inaendelea kufa, mwana wangu.”

“Utaweza kutupandia ngazi kumi tu? Tuangalie?”

“Ngazi? Kitanda yenyewe inanishinda kupanda!”

“Na maharagi hakuna mu nyumba,” Maman Georgette akasema ku mulango. “Muandike na hiyo! Na miye jirani yake, Georgette, na G mukubwa.”

Madame Micheline hakuandika kitu. Professeur aliomba papa asimame tu, atembee mpaka ku mulango. Papa Cyprien alisimama, akaegemea fimbo, akaanza kuyumba. Aliyumba sana. Aliyumba vizuri. Shida ni kwamba aliyumba na muguu ya kushoto, ile haijaumia hata siku moja. Nilimeza kicheko, ikabaki mu kifua kama kipande ya bugali ya moto.

Lakini nani angesema? Yaya amefungwa mudomo na règlement, sheria ya mutihani. Na miye, mutoto wa kike, nisimame mu nyumba ya muzee, mbele ya wageni, niseme: papa, unadanganya? Hiyo haifanywi. Hata kama mwaka wa yaya unaanguka pale pale mbele yangu.

Professeur alifunga kalamu yake.

“Mademoiselle, mugonjwa amekatala épreuve. Unajua règlement.”

“Ndiyo, professeur.”

“Bila épreuve, hakuna cote, hakuna alama. Utatafuta mugonjwa mwingine, utamufuata miezi tatu.”

Défense, ile siku ya kuitetea mémoire, ilikuwa kisha wiki sita. Miezi tatu haiingii mu wiki sita, hata ukiikunja namna gani. Yaya alisema tena “Ndiyo, professeur”, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Wageni wakasimama. Wakasema aksanti papa, pona vizuri. Wakageukia mulango.

Pale njo niliona. Nilimuona papa Cyprien anaangalia migongo yao, na vidole vyake vinahangaika juu ya fimbo. Nilimujua, nilikuwa nimemuangalia miezi tatu. Ni mutu wa kwetu, alilelewa. Mugeni haachwi atoke pekee mu nyumba. Unamusindikiza mpaka ku njia, na kama ni mugeni mukubwa, mpaka barabarani. Mwenye nyumba akibaki amekaa, ni kama amesema: usirudie tena.

Nikasema, “Papa, wageni wanaenda.”

“Nawaona,” akasema. “Bintu, wasindikize.”

“Miye? Miye niko mutoto, papa. Wageni wakubwa vile, wasindikizwe na mutoto?”

Akaangalia mulango.

“Tena,” nikasema, huku ninakunja metre yangu, “watarudi kwa ile njia mubaya ya upande. Hawajue kama hapa mbele kuna ngazi. Hawamujue hata mwenye alizichimba.”

Fimbo ilianguka chini. Sikuisukuma miye.

“Ngojeni!” papa Cyprien akaita. “Njo namna gani hiyo, mutoke kwangu kama wevi? Hapa! Mupite hapa!”

Akatoka mbele yao, kitambaa ya maua bado iko ku goti, akaanza kushuka. Hakushika kitu. Alikuwa anashuka na anahadisia, uso umegeukia nyuma: hii ya tano niliifanya na mvua, hii ya kumi na mbili ilikuwa jiwe tupu, ilinichukua siku mbili, oneni namna maji inapita pembeni, Kamituga tulikuwa tunafanya vile, la sivyo shimo linajaa. Nyuma yangu nilisikia sauti ya madame Micheline, ya chini chini: “Sita. Saba. Munane.” Kalamu ilikuwa imefunguka.

Ku ya makumi tatu, viatu vya professeur vikateleza. Alianguka na magoti, mu matope, kweli vile Maman Georgette anasema. Papa Cyprien akageuka, akakanyaga na muguu ya kuume ku ngazi ya chini, akakunja goti, akamushika professeur mu makwapa, akamuinua kama mufuko ya mihogo.

“Pole, mwana wangu. Unapashwa kufanya mazoezi ya goti. Unakunja pagne, unabonyeza, unahesabu mpaka tano.”

Madame Micheline aliandika murefu sana pale.

Barabarani papa Cyprien alisimama, kifua mbele, akanyoosha mukono wa kuwaaga. Halafu akaangalia ule mukono. Akaangalia mwingine. Akakumbuka fimbo.

Shoferi akatoa kichwa mu dirisha ya jeep.

“Ah,” papa akasema. “Fimbo imebakia kuchunga nyumba.”

Madame Micheline njo alianza kucheka. Halafu yaya, ambaye machozi yalikuwa tayari, akacheka nayo yote. Professeur alijipanguza matope, akasema na heshima yote: “Papa, siye hatuna liste. Tuko walimu wa huyu binti. Tulikuja juu yake tu.”

“Ni ba prof kweli?”

“Ni ba prof.”

“Na jeep?”

“Ya kuazima.”

Papa Cyprien aligeuka kumutafuta Maman Georgette. Alikuwa kule juu kabisa, pa kichwa ya ngazi, anatoa mandazi yaliyoungua, na hakuwa na nafasi ya kuangalia chini.

“Mu nyumba nilishaona,” professeur akamuambia yaya. “Aliyumba na muguu muzima. Lakini siwezi kumuambia muzee kwake kama anadanganya. Na siwezi kuandika kitu sijaona.” Halafu akamuuliza papa: “Na kupanda, papa, unapanda?”

“Sasa nitalala barabarani?”

Akapanda. Wote walisimama chini wakamuangalia, arobaini na tatu, bila kupumzika. Ku ya mwisho alifungua kitambaa ya maua, akamurudishia mwenyewe.

Yaya alipata seize sur vingt, kumi na sita juu ya makumi mbili. Zile ine zingine, professeur alisema, alizikata juu mugonjwa hakujua wanaokuja ni nani, na kine anapashwa kuhakikisha mugonjwa anajua. Yaya hakubisha. Papa Cyprien njo alibisha, mpaka leo anataka kwenda kuziomba zile ine.

Kabla ya kuingia mu jeep, madame Micheline aliomba kuona vipimo vya paja. Yaya akampa kaye yangu. Aligeuza kurasa yote, polepole, mwandiko wangu mukubwa wa primaire. Akauliza ni nani alipima kila mara mara mbili. Yaya akanionyesha na kidole, nikaangalia chini, nikaona matope ku miguu yangu.

Hiyo ilikuwa wiki tatu iliyopita. Jana yaya alisimama mu chumba yetu, juu ya kiti, miye chini ninamushonea costume ya défense. Ya bleu, jupe na veste, sketi na koti. Nilikuwa ninapindua chini ya jupe, na pini zangu zote nilikuwa nimezishika mu midomo, vile tunafanyaka.

“Bintu,” akasema kule juu, “madame Micheline alisoma mémoire. Anasema pa kusema namna vipimo vilichukuliwa, niandike jina yako.”

Nikachomeka pini moja.

“Na anasema siku ya défense, jury wataniuliza. Anataka uwe pale mbele, na metre yako, uwaonyeshe namna unapima. Utasema na Kiswahili, hakuna shida. Papa Cyprien amekubali kuleta muguu. Ameshanunua na soksi.”

Nikachomeka ingine. Jupe ilikuwa imepanda kidogo upande wa kuume, ama ni yeye alikuwa anaegemea.

“Ni dakika tano tu, Bintu. Utakuja?”

Pini zilikuwa bado saba mu midomo. Nikamushika nyonga, nikamunyoosha vizuri ku kiti, nikachukua metre, nikapima tena toka mwanzo, mara mbili, vile nitawaonyesha siku ile.